Kitambaa cha meza kinanyanyuka katikati: nifumue chote?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya. Kazi zangu za kila siku ni sare za shule, magauni ya vitenge na kupunguza nguo za mitumba. Sasa mteja ameniletea vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye sare za harusi ya familia yao, rangi nne, anataka nimshonee vitambaa viwili vya meza kwa ule mtindo wa sahani ya Dresden: majani 20 yenye ncha yanayozunguka, duara dogo katikati, kisha yote yanashonwa juu ya kitambaa cheupe chenye pamba ndani. Kimoja ni cha meza ya sebuleni, kingine cha stuli.

Pateni nimeichora mwenyewe kwenye boksi. Urefu ni sentimeta 18, upande mpana 7.9, upande mwembamba 2.2. Mishono nilikusudia iwe ya robo inchi.

Duara la kwanza nikililaza mezani, katikati pananyanyuka kama sentimeta 4. Nimelipiga pasi juu ya kitambaa kibichi mpaka likalala, lakini nikiondoa mkono linarudi kulekule. La pili nikaona nishone mishono myembamba zaidi. Katikati pamelala, ila sasa ukingo ndio unacheza mawimbi. Tundu la katikati kwenye la kwanza lina sentimeta 4.5, la pili karibu 8, wakati pateni ni ileile. Ncha nazo hazilingani: nyingine kali, nyingine butu, nyingine zimelala upande. Lile duara dogo la kufunika tundu nimelikunja kwa mkono, likatoka na kona kona.

Vitenge vya kukata upya havipo, labda vya majani mawili matatu. Je, nifumue yote nianze mwanzo? Na nitajuaje kwamba hicho kitenge chekundu hakitachuja kwenye kitambaa cheupe?

Fundi wa Uyole

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usikate jani jipya, na usifumue yote. Umefanya jambo la maana sana kupima yale matundu, maana namba hizo mbili, 4.5 na 8, zinaeleza karibu kila kitu kilichotokea chini ya mguu wa cherehani chako.

Tuanze na pateni ili tuitoe kwenye mashaka. Duara zima lina digrii 360. Ukigawanya kwa majani 20, kila jani linatakiwa kuwa na digrii 18. Asiye na kipimapembe anaweza kuhakiki hivi: achore mstari wa sentimeta 30, mwishoni mwake apime sentimeta 4.75 kulia na 4.75 kushoto kwa pembe mraba, halafu aunganishe alama hizo mbili na mwanzo wa mstari. Hiyo ndiyo digrii 18. Pateni yako inapanuka sentimeta 5.7 ndani ya urefu wa 18, na hiyo ni sawa na 9.5 ndani ya 30. Iko sahihi kabisa. Ubaya uko kwenye boksi, kwa sababu ukilizungushia chaki mara ishirini kingo zake zinalika, na jani la mwisho haliwi sawa na la kwanza. Safari nyingine ikate kwenye plastiki ngumu, hata ya ubavu wa ndoo iliyopasuka.

Mafundi wengi hupotea hapa: wanaona duara limenyanyuka, wanasema mishono ni mipana, wanaipunguza. Upana wa mshono peke yake haunyanyui kitu. Mshono ukienda sambamba na ukingo wa jani tangu begani mpaka chini, hata uwe wa milimeta 8, pembe ya jani inabaki digrii 18 zilezile. (Bega naliita pale ncha iliyokunjwa inapoishia na ubavu wa jani unapoanza.) Kinachobadilika ni ukubwa wa duara na wa tundu. Kila milimeta moja unayoongeza kwenye mshono inavuta majani yote kuelekea katikati kwa milimeta 6 na kidogo, kwa hiyo kipenyo cha tundu kinapungua kwa karibu milimeta 13. Kwa pateni yako, mshono wa milimeta 6 ungekupa tundu la sentimeta 6 na kidogo, na duara zima la sentimeta 41 kutoka ncha hadi ncha.

Sasa rudi kwenye vipimo vyako. Tundu la 4.5 linasema kwamba upande mwembamba umeshona kwa milimeta 7 na nusu hivi. Tundu la 8 linasema umeshona kwa milimeta 5 kasoro. Ndiyo maana duara la pili ni kubwa kuliko la kwanza kwa karibu sentimeta 4 ukipima ncha hadi ncha. Kwa bahati nzuri mteja wako ana meza mbili zisizolingana, hivyo dogo liende kwenye stuli, kubwa liende sebuleni. Hilo halihitaji kurekebishwa.

Linalonyanyua kitambaa ni mshono unaohama, yaani begani una upana huu na chini una upana mwingine. Urefu wa mshono wako ni kama sentimeta 14. Ukiwa mpana zaidi begani kwa milimeta moja tu, kila jani linapoteza milimeta 2 kule juu, moja ubavu huu na moja ubavu ule. Kwa majani 20 umeshapoteza sentimeta 4, ambazo ni digrii 16 hivi, karibu jani zima. Ukingo wa nje unakuwa mfupi, na katikati hapana pa kwenda ila juu. Kinyume chake, mshono ukiwa mwembamba begani na mpana chini, digrii zinazidi 360, kitambaa cha nje kinakuwa kingi kuliko nafasi yake, ndipo yanapotokea mawimbi. Pasi haiwezi kuongeza digrii zilizoliwa na mshono. Inachofanya ni kuvuta nyuzi za kitambaa kwa muda, na ukiendelea kulazimisha utapata magonjwa yote mawili kwenye duara moja.

Kabla ya kugusa mishono mingine, fumua mmoja tu kwenye duara la kwanza, kutoka begani mpaka kwenye tundu. Lilaze mezani bila kulivuta. Litafunguka na kuacha pengo kama keki iliyokatwa kipande. Pima pengo hilo kwenye mstari wa mabega, si kwenye ncha. Kwa ukubwa wa duara lako, kila milimeta 3 ni digrii moja. Kwa mnyanyuko wa sentimeta 4 uliouona, natarajia utakuta pengo la sentimeta 2.5 hadi 3, yaani digrii 9 au 10. Mnyanyuko mkubwa hivyo unatokana na upungufu mdogo kuliko mtu anavyodhani, na ndiyo sababu sikuruhusu ufumue yote.

Digrii 10 unazirudisha kwa mishono kumi: ruka mmoja, fumua mmoja, kuzunguka duara zima. Huo uliokwisha kuufungua uwe wa kwanza kati ya hiyo kumi. Kila unaoufumua ushone upya ukianzia begani kwa upana uliopungua milimeta 1 na kidogo, kisha ukaribie mstari wa zamani taratibu mpaka uungane nao kwenye upande mwembamba. Mmoja unarudisha digrii moja hivi. Usishone wa kumi kabla ya kulaza duara na kutazama pengo lililobaki, kwa maana pengo ndilo linalokuambia kiasi. Likiwa sentimeta 2 tu tangu mwanzo, saba inatosha.

Namna ya kufumua nayo ina maana. Mbavu za jani hazifuati uzi wa kitambaa, zimekatwa kwa mshazari kidogo, kwa hiyo ukishika majani mawili na kuyatenganisha kwa nguvu huku wembe ukikata katikati, mbavu zinatanuka na hazirudi. Geuza upande mmoja juu, kata kila tundu la nne la uzi (tundu la uzi ni pigo moja la sindano) kwa ncha ya wembe, geuza upande wa pili, vuta uzi wa bobini utoke mzima. Vitundu vya sindano vitabaki vikionekana kwenye uso wa kitenge. Lowesha kidogo, kwaruza kwa ukucha kwa kufuata uzi wa urefu kisha wa upana, piga pasi. Kwenye kitenge cha pamba vinajifunga. Kwenye kile cha kuteleza chenye nailoni nyingi vitabaki, hivyo kama katika rangi zako nne ipo ya namna hiyo, chagua kufumua mishono isiyoigusa.

Kama pengo lingekuwa sentimeta 5, ningekuambia uongeze jani la 21 na kazi iishe. Mabaki uliyonayo yangetosha. Mtindo huu ulienea Marekani miaka ya 1920 na 1930 kwa kutumia mabaki ya nguo, na yapo madua­ra ya majani 16, yapo ya 20, hakuna sheria. Kwa rangi nne zinazofuatana, jani la ziada litakaa kati ya rangi ya nne na ya kwanza, basi liwe la rangi ya pili au ya tatu ili rangi moja isijigonge. Ila kwa kazi ya mteja aliyehesabu rangi za sare ya familia yake, mimi ningefumua.

Duara la pili ni rahisi zaidi, lakini kwanza jiulize mawimbi yametoka wapi. Laza pateni juu ya majani matatu manne. Kama mbavu zinafuata pateni sawasawa, kosa ni la mshono. Kama mbavu zimejipinda na kupita pateni karibu na bega, ni pasi iliyoburutwa. Hilo la pasi nalishuku sana, ikiwa na hili ulilikandamiza kwa pasi likiwa bichi kama lile la kwanza. Nyunyiza maji, weka pasi juu ya bega, inyanyue, isogeze, iweke tena, bila kuiburuta. Pamba hurudi kwa sehemu. Kinachobaki kinatolewa na mshono.

Fumua mshono mmoja kama kule kwa kwanza. Safari hii kingo mbili zitapandana, nawe utapima kiasi zinavyopandana kwa hesabu ileile ya milimeta 3 kwa digrii. Mingine huna haja ya kuifumua. Shona mstari mpya ndani ya ule wa zamani, ukianzia begani milimeta 1 na kidogo ndani zaidi, ukiungana na mstari wa zamani chini. Hapa unapata faida ya pili. Mshono wako wa sasa begani ni chini ya milimeta 5, na kitenge kikifuliwa mara kadhaa huchambuka kwa upana huo na kuacha tundu. Sitaki mshono wowote kwenye kitambaa cha meza uwe chini ya milimeta 4 popote.

Kwa nini mshono ulihama? Sababu ziko mbili, na zinakutana kwenye jani moja. Begani kuna tabaka nyingi zaidi kwa sababu ya ncha iliyokunjwa, mguu wa cherehani unapanda juu ya uvimbe huo na kuteleza pembeni. Chini nako jani ni jembamba, meno ya cherehani hayapati cha kushika, fundi anavuta kitambaa kwa nyuma, na mshono unakwenda unakotaka. Kwa hiyo anza begani kila mara. Weka majani mawili uso kwa uso, linganisha mabega kwanza, pini moja hapo. Sindano ishuke nusu sentimeta ndani ya bega, rudi nyuma mpaka ukingoni kabisa, halafu nenda mbele moja kwa moja mpaka chini. Kule kurudi nyuma kunafunga bega lisifumuke na kunazuia ncha za uzi kuchungulia upande wa nje. Chini, usikate uzi wala usivute. Weka kipande cha mabaki mbele ya mguu ili sindano itoke kwenye jani na kuingia kwenye mabaki. Urefu wa tundu la uzi uwe milimeta 2, sindano namba 14 kwa kitenge kigumu, namba 12 kwa laini.

Na usiamini ukingo wa mguu wa cherehani mpaka umeupima. Shusha sindano kwa mkono kwenye karatasi yenye mistari ya milimeta, hesabu 6 kulia, bandika plasta ya kidonda kwenye bamba hapo, tabaka tatu nne juu ya nyingine, mpaka iwe ukuta mdogo. Ukingo wa jani ukitembea ukigusa ukuta huo, mshono hauhami.

Ukishona duara jingine siku za mbele, usiunganishe majani 20 mfululizo. Unganisha matano. Matano mara 18 ni digrii 90 kamili, kwa hiyo ukiyalaza juu ya kona ya karatasi ya A4 mbavu mbili za nje zifuate kingo za karatasi. Ikipungua au ikizidi, unarekebisha mshono mmoja au miwili papo hapo. Kumi yakae kwenye rula. Mpangilio wa rangi nao unategemea hesabu hii: 20 inagawanyika kwa 2, 4, 5 na 10, haigawanyiki kwa 3. Mteja akikuletea rangi tatu, mwombe ya nne kabla hujakata.

Ncha butu na ncha zilizolala zina ugonjwa tofauti. Zilizolala ni kwa sababu mkunjo haukuwa katikati. Kunja jani kwa urefu uso kwa uso, mabega yakutane sawasawa, piga pasi mkunjo wote uweke alama, ndipo ushone upande mpana kwa milimeta 6. Punguza kona ya kwenye mkunjo kwa mshazari ukibakiza milimeta 2, fungua ule mshono kwa kucha, geuza. Ncha isukumwe kwa kijiti cha mshikaki kilichosuguliwa butu, si kwa mkasi. Mkasi hutoboa, na ncha iliyotobolewa haina dawa. Kisha weka mshono wa nyuma uangukie juu ya ile alama ya katikati, na hapo ndipo upige pasi. Ncha butu mara nyingi ni kona isiyopunguzwa, tabaka zimejazana ndani. Ambazo tayari zimo kwenye duara unaweza kuzigeuza na kuzipunguza bila kufumua mbavu, maana nyuma ya ncha pako wazi.

Duara dogo la katikati lisikunjwe kwa mkono kabisa. Kata kadi ngumu ya kipenyo cha sentimeta 9 kwa duara la kwanza na 11 kwa la pili. Hapo linafunika tundu na kupita kila upande kwa sentimeta moja na nusu au zaidi. Kitambaa kikate kwa kuzidisha sentimeta moja kuzunguka. Pitisha uzi kwa mkono, tundu ndogondogo, milimeta 4 kutoka ukingoni, weka kadi katikati, vuta uzi mpaka kitambaa kiikumbatie, nyunyiza wanga mwepesi, piga pasi pande zote mbili, acha kipoe, ndipo ulegeze uzi na kuitoa kadi. Kona hutokea pale tundu za uzi zinapokuwa kubwa. Kila tundu kubwa ni kona moja. Kwa kitenge kizito sana nashauri njia ya bitana: shona duara zima uso kwa uso na bitana nyembamba, piga mikato midogo kwenye nafasi ya mshono, chana bitana katikati, geuza kupitia hapo.

Kabla hujaweka chochote juu ya cheupe, jaribu rangi. Ningependa vitenge vifuliwe kabla ya kukatwa, vitoke gundi ya kiwandani na visinywee baadaye, lakini kwako hilo limepita. Chukua mabaki ya kila rangi, yaweke kwenye bakuli za maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, kila rangi bakuli lake, halafu kandamiza kila kimoja kibichi juu ya kipande cha kile cheupe mpaka vyote vikauke pamoja. Chekundu na buluu iliyokolea ndizo za kuogopwa. Ikichuja, fua duara zima kwa mkono, maji mengi ya uvuguvugu, badilisha mpaka yatoke meupe. Chumvi na siki ambazo watu huambizana haziwezi kutegemewa kwa rangi iliyokwisha kuwekwa kiwandani. Rangi ikikugusia cheupe, usipige pasi wala kuanika, joto huikaza. Rudisha majini mara moja. Na ukumbuke nguo ikikaa mbichi muda mrefu kwenye kamba, rangi inapata nafasi ya kuhama, basi kianikwe kikiwa kimetandazwa, kisikunjwe.

Kama chekundu kinakataa kuacha kuchuja, badilisha kile cheupe kwa rangi ya maziwa au kijivu. Mwambie mteja sababu.

Tabaka za chini zinapita haraka. Kata cheupe, pamba na kitambaa cha nyuma kwa mraba wa sentimeta 56, uje kupunguza mwishoni kuwa duara la 50. Pamba bapa ikikosekana sokoni Mwanjelwa, shuka ya flana ya mitumba iliyofuliwa, tabaka moja au mbili, inafanya kazi nzuri sana, nami naipenda kuliko blanketi la nailoni, kwa sababu kwenye meza hiyo litawekwa hotipoti na sufuria, na nailoni haivumilii joto. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono kila baada ya sentimeta 8 hadi 10, kuanzia katikati kwenda nje. Mikunjo upande wa nyuma inatoka kwa bandi chache au kitambaa cha nyuma kilichovutwa sana. Shona kwanza kuzunguka ncha zote, kisha kati ya majani, ukianzia pale ukingo wa duara dogo utakapokaa, kwenda nje. Mistari 20 ikikutana yote katikati itapafanya pawe pagumu. Tundu za uzi zirefushwe hadi milimeta 3, na ile skurubu ya juu ya kichwa cha cherehani inayokandamiza mguu ilegezwe kidogo. Duara dogo lishonwe mwisho, kwa mkono.

Ukingoni, paipini (utepe wa kufunika ukingo) lazima ikatwe mshazari. Iliyokatwa kwa uzi ulionyooka haipindi na duara, itakaza ukingo na kukurudishia mnyanyuko ambao umehangaika kuuondoa. Kwa duara la sentimeta 50, mzunguko ni sentimeta 157, kwa hiyo tayarisha utepe wa mita 1 na sentimeta 80, upana sentimeta 5. Ukiushona usiuvute hata kidogo. Ulaze tu ufuate ukingo, ukisimamisha cherehani kila baada ya sentimeta chache, sindano ikiwa chini, mguu ukiunyanyua ili kitambaa kigeuke chenyewe.